Binti Aliyetii

Mtu mmoja alikuwa na mlango usio wake na binti aliye wake. Mlango ulikuwa wa kanisa. Mtu huyo aliitwa Ambakisye, mfugaji wa ng'ombe wachache katika milima ya Rungwe, huko ambako mvua haikatiki bali hupumzika tu. Usharika ulimchagua kuwa mzee wa kanisa, na kazi waliyompa ilikuwa kusimama mlangoni kila Jumapili na kumpa mkono kila aingiaye. Akaipenda kazi hiyo kuliko alivyokiri. Aliwajua watu kwa viganja vyao: wachumaji wa chai kwa vidole vilivyopasuka, wajane kwa jinsi walivyokawia kuuachia mkono wake, watoto kwa kunata. Hakumrudisha mtu. Mlevi alipokuja, alimwingiza na kumkalisha karibu na ukuta asianguke. Watu walisema, ukitaka kujua jinsi tutakavyopokelewa mbinguni, pita kwa Ambakisye. Naye, kwa kuwa ni binadamu, maneno hayo akayaweka moyoni.

Binti yake aliitwa Subilaga, jina ambalo kwa watu wa milima ile maana yake ni kutumaini. Alikuwa kitinda mimba, yuko kidato cha tatu. Kaka na dada zake walikwisha kuoa na kuolewa, wakahama. Alikuwa msichana wa maneno. Jioni baba yake alipokamua, yeye alishika kamba ya ndama na kuzungumza: mwalimu amesema nini, nani amegombana na nani, ameota nini, kwa nini ng'ombe mweusi anamchukia jogoo. Mara nyingine aliuliza mambo ambayo mzee wa kanisa hakuwa na majibu yake. Je, Mungu hachoki kusikiliza nyimbo zile zile? Je, Hawa alipotolewa bustanini aliruhusiwa kubeba chochote? Ambakisye alijifanya kumkemea, huku ameinamisha uso kwenye ndoo asionekane anacheka. Hakujua kwamba saa ile ya jioni ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Mama yake, Tumwitike, alikuwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeshona sare za kwaya na magauni ya kipaimara ya usharika mzima, na ufundi huo alimfundisha binti yake tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Siku za gulio Subilaga alikwenda kwenye marundo ya mitumba akachagua yale ambayo wengine waliyasukuma pembeni. Alikuwa ameona kwenye simu ya rafiki yake picha za vijana wa nchi nyingine na mavazi yao, na kitu ndani yake kikaitika. Akapata koti jeusi la kiume. Akalifumua, akalipunguza kiuno, akalitia viraka vya kitenge na vya suruali kuukuu, akapanga pini kifuani kwa safu kama mbegu kwenye tuta. Mnyororo wa baiskeli mbovu akaulowesha kwenye mafuta ya taa mpaka ukang'aa, akaufanya mkanda. Akanyoa nywele upande mmoja wa kichwa, upande wa pili akaziacha zisimame. Kucha akazipaka rangi nyeusi, macho akayazungushia wanja. Alipojitazama kwenye kioo cha kabati alicheka kwa furaha, na mama yake aliyekuwa akishona karibu akacheka pamoja naye, kabla hajakumbuka kwamba hapaswi.

Ambakisye alipomwona aliuliza nani amekufa. Subilaga akamwambia hakuna aliyekufa, ni yeye tu. Akasema kwamba akivaa vile huona kama mtu wake wa ndani na mtu wake wa nje wamekutana njiani wakasalimiana. Baba yake akamtazama. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba mtoto ana furaha. Cha pili ni macho ya watu. Laiti angebaki na kile cha kwanza.

Maneno yakaanza kutembea. Mama Lugano, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, alikuja na mayai kwenye kitambaa, akakaa, akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za miguu ya Tumwitike, na baada ya chai akafika alikokuwa anakwenda. Alisema wasichana huanza hivyo hivyo. Alisema nyeusi ni ya kaburini na mnyororo ni wa mfungwa, na kwamba wako wanaosema nyumba ya mzee wa kanisa imeingiliwa na roho ngeni. Si yeye, yeye anawapenda, ndiyo maana amekuja. Baada yake likaja baraza la wazee. Mchungaji alikuwa mtu mpole. Hakukubali wala hakukataa, aliwaomba tu waliombee jambo hilo. Lakini mzee mmoja alimgeukia Ambakisye akamwambia, "Mlango wa kwako umekushinda. Wa kanisa utauwezaje?"

Ambakisye alirudi nyumbani akitazama chini. Alimwambia mkewe kwamba jina la Mungu linachafuliwa. Kama angethubutu kulichungulia neno hilo kwa ndani, angekuta jina linalochafuliwa ni lake.

Akamwita binti yake na kumtaka aache mavazi yale. Subilaga hakuwa jeuri. Alikaa kwenye kigoda mbele ya baba yake na kumsihi kwa upendo, kama mtu anayemweleza mwenzake njia. Alisema anasali kama zamani, na shuleni hajashuka. Mwishowe akasogeza kifua chake mbele, akamwomba baba amwonyeshe ni pini ipi yenye dhambi, aitoe hiyo. Ambakisye akazitazama zile pini na asiione. Akapaza sauti. Tumwitike, aliyecheka naye mbele ya kioo, safari hii aliinamia cherehani yake na hakusema kitu, na kunyamaza kwake kukahesabika upande wa baba.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Wageni walitoka jimboni, na kanisa lilipambwa kwa migomba na mabua ya mahindi. Watu walipanda kilima wakiwa na vikapu vichwani, wamevaa meupe. Subilaga alikuwa amezimaliza jioni zake zote za karibuni akilishona koti lake kwa ajili ya siku hiyo. Hakuwa na shamba lake, kwa hiyo alitaka kuleta mavuno mgongoni: alitarizi mgongo mzima hindi moja kubwa kwa uzi wa manjano, punje moja moja, na maganda yake ya kijani yamefunuliwa. Alichelewa kwa sababu ya ganda la mwisho. Kisha akajitwisha kikapu cha maboga na maharage kilichotoka nyumbani, akapanda kilima akiwa na pini zake na mnyororo wake, amevaa kilicho bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Ambakisye alimwona kwa mbali, doa jeusi katikati ya meupe. Nyuma yake wageni walikwisha kukaa. Kando yake walisimama wazee wawili, na mmoja wao alikuwa yule wa barazani. Ambakisye aliliona koti kwa mbele tu; anayekujia humwoni mgongo. Subilaga akafika, akatabasamu, akanyoosha mkono kama wote wanavyofanya. Baba yake naye akanyoosha wake, ila haukwenda kwenye mkono wa binti. Ulikwenda kwenye mwimo wa mlango, ukashika, ukawa kama komeo.

"Rudi nyumbani," akamwambia. "Ukavae kama watu."

Alisema kwa sauti ya chini. Waliokuwa karibu walisikia, na walio ndani waliendelea kuimba. Subilaga aliutazama mkono ule uliozuia mlango, kisha akautazama uso wa mtu aliyekuwa mbele yake, akamtafuta humo baba yake. Alitafuta kwa muda. Halafu akasema, "Ndiyo, Baba." Akakitua kikapu kando ya kizingiti, akageuka, akateremka. Hapo ndipo hindi lilipoonekana kwa kila aliyekuwa akipanda, la manjano kama limewashwa, likishuka kilima peke yake. Lakini Ambakisye alikuwa amekwisha kumgeukia mtu mwingine na kumpa mkono.

Wakati wa matoleo Subilaga alirudi. Alikuwa amevaa gauni jeupe la kipaimara, limembana mabegani, na kitambaa kimefunika kichwa. Uso ulikuwa umeoshwa ukawa mtupu. Alinyoosha mkono, na Ambakisye akaupokea kwa mikono yote miwili, machozi ya shukrani yakimlenga. Mkono ulilala kiganjani mwake kama kitu ambacho mwenyewe amekisahau. Yeye aliyewajua watu kwa mikono yao alilihisi jambo hilo. Lakini yule mzee alimpiga bega kwa furaha, na Ambakisye akaacha lipite.

Kesho yake, akitoka bandani na matope miguuni, alikuta dekio jipya kwenye kizingiti cha jikoni. Lilikuwa zito na jeusi, linafyonza vizuri. Akafuta mguu mmoja, akafuta wa pili, kisha akaona nyuzi za manjano. Aliinama. Ilikuwa nusu ya hindi. Punje zilikuwa zimeshonwa moja moja, kila moja imezungushiwa ukingo wake, kazi ya mkono wenye subira kubwa, naye alikuwa amezikanyaga. Nusu ya pili aliikuta bandani, imetundikwa tayari kwa kufutia viwele. Pini zilikuwa zimerudishwa kwenye kopo la Tumwitike, na mnyororo umening'inizwa kwenye msumari. Koti halikuraruliwa kwa hasira. Lilikatwa kwa mistari iliyonyooka, na kingo zake zikapindwa zisifumuke, kama mama yake alivyomfundisha. Ambakisye alimuuliza kwa nini amelikata. Subilaga akamjibu kwamba kile ni kitambaa kizuri cha kufutia, ingekuwa hasara kukitupa.

Ambakisye alisema Mungu ashukuriwe. Alisema tena alipokuwa akikata majani, na tena alipokuwa akipeleka maziwa, kama mtu anayegonga nyumba asiyesikia mtu ndani.

Tangu hapo Subilaga alitii. Nywele ziliota zikalingana. Alivaa alichowekewa. Alipoambiwa aingie kwaya aliingia, na mitihani ilipokaribia akaambiwa apumzike, akapumzika. Aliamka kabla hajaitwa. Wala hakununa. Ambakisye alingoja anune, maana mtoto anayenuna bado anasema na wewe. Alitabasamu palipohitaji tabasamu. Jioni alikuja bandani kama zamani, akashika kamba ya ndama, akasimama. Maziwa yalipiga ndoo, na hapakuwa na sauti nyingine. Baba akiuliza habari za shule, aliambiwa ni njema. Akiuliza kama amechoka, aliambiwa hapana. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, Ambakisye mwenyewe alirudia swali la zamani: yeye anaonaje, Mungu hachoki kusikiliza nyimbo zile zile? Subilaga alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba mchungaji amefundisha kuwa Mungu hupendezwa na sifa za watu wake. Lilikuwa jibu sahihi. Ambakisye aliendelea kukamua mpaka ng'ombe akapiga teke, kwa kuwa maziwa yalikuwa yamekwisha zamani naye hakuona.

Tumwitike ndiye aliyetangulia kujua. Alimwambia mumewe kwamba siku hizi binti hadondoshi nyuzi sakafuni, wala haimbi puani akifua, na kwamba akiliita jina lake huona kama anaita kwenye nyumba ya jirani. Alisema hayo huku akishona sare za kwaya, na ilimbidi asimame ili asilowanishe kitambaa cha watu. Ambakisye akamwambia ashukuru. Walikuwa wameomba mtoto atii, naye ametii. Mtu haombi mvua akalalamika kulowa. Aliyasema hayo kwa ukali, maana hayakuwa yakimwingia.

Usharika nao ulifurahi. Mama Lugano aliwaletea mayai tena. Kwenye semina ya wazazi walimwomba Ambakisye asimame aeleze jinsi alivyomrudisha mtoto wake, naye akasimama, akaeleza kuhusu mlango na msimamo. Watu wakasema amina. Kisha wakataka kumsikia binti mwenyewe. Subilaga alitoka kwenye benchi, akasimama mbele amekunja mikono, akasema vizuri bila kusitasita. Aliwashukuru wazazi wake kwa kumrudi. Alisema vijana wa leo wanapotezwa na tamaa ya kuiga. Alisema mavazi ya mtu ni barua inayosomwa na wote. Wanawake kadhaa walifuta macho. Ambakisye alimsikiliza, na kila sentensi ilipopita akaitambua ilikotoka: hii ni ya mahubiri ya mchungaji, ile ni ya Mama Lugano, hii ya tatu ni yake mwenyewe, aliisema akiwa amepaza sauti, siku ile ya kigoda. Alingoja moja ambayo Subilaga aliizaa. Binti akamaliza, akarudi kukaa. Makofi yakapigwa, na Ambakisye bado alikuwa akiingoja.

Katika semina ile alikuwamo baba mmoja, jina lake Andongwisye, aliyekuwa na mwana aliyefuga nywele na kuzisokota. Alirudi kwake ametiwa nguvu na ushuhuda. Akaita majirani wamshike kijana, akamnyoa. Asubuhi kijana hakuwapo. Walisikia kwamba alipanda lori la ndizi, na baada ya hapo hawakusikia tena. Ilipopita miezi, Andongwisye alikuja bandani kwa Ambakisye. Ambakisye alidhani amekuja kumlaumu, akawa tayari kupokea. Yule hakulaumu. Alikaa tu juu ya debe lililopinduliwa, akamtazama Subilaga akipita na ndoo, na alipoinuka kwenda zake akasema kwamba Ambakisye afadhali, wa kwake yupo, anamwona.  Ambakisye alimsindikiza mpaka barabarani kama desturi ilivyo, na aliporudi akagundua, kwa hofu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwonea wivu Andongwisye.

Siku ya gulio iliyofuata alikwenda kwenye marundo ya mitumba, mzee wa kanisa, akainama katikati ya wasichana na kupekua. Alipekua mpaka akapata koti jeusi. Halikuwa kama lile, lakini lilikuwa jeusi na la kiume, na kitambaa chake kizuri. Aliushusha mnyororo kutoka kwenye msumari, akausugua kwa mafuta ya taa mpaka kutu ikatoka na vidole vyake vikanuka siku nzima. Akaviweka vyote mikononi, akaingia jikoni. Subilaga alikuwa akimenya ndizi pamoja na mama yake.

"Mwanangu," akasema, "nilikukosea. Siku ile ya mavuno nilikukosea mbele ya watu. Nimekuletea hili."

Tumwitike aliacha kisu. Subilaga akanawa mikono, akapiga goti kidogo kama binti anavyompokea baba yake kitu, akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Baba."

"Utalivaa?"

"Ukiniambia nivae, nitavaa."

"Sikuambii, mama. Nakuuliza. Unalipenda?"

Subilaga alilitazama koti. Hakuwa akimchezea, Ambakisye aliona kwamba anatafuta kweli, anapita chumba baada ya chumba ndani ya nafsi yake akitafuta kitu ambacho baba amekiomba, na kwamba vyumba vimefagiliwa. Alipoinua uso ulikuwa na wasiwasi wa mtu anayeogopa kukosea.

"Sijui, Baba," akasema. "Wewe unataka nilipende?"

Hapakuwa na kejeli katika neno hilo. Ambakisye angeishukuru kejeli. Angepiga magoti hapo jikoni na kuibusu, kwa kuwa kejeli ina mwenyewe. Alisimama na mikono yake mitupu yenye harufu ya mafuta ya taa, na kwa kuwa alikuwa baba aliyekata tamaa na hakujua mlango mwingine, akarudi kwenye ule ule alioujua. Akamwambia, basi, livae.

Naye akalivaa. Jumapili alipanda kilima amelifunga vifungo mpaka shingoni, mnyororo kiunoni, mikono imetulia ubavuni, kama alivyokuwa akilivaa gauni jeupe. Watu walinong'ona. Mama Lugano alifunga mwavuli wake kwa nguvu. Ambakisye alitoka mlangoni akateremka ngazi kumlaki binti yake, akamkumbatia mbele ya wote, na akasikia ndani ya kumbatio lile kwamba anakumbatia koti. Alimwachia. Akamtazama akiingia na kuketi benchi lile lile, mgongo mweusi usio na kitu. Baraza lilipomwita na kumnyang'anya mlango, hakujitetea. Alitoa funguo, akashukuru, akatoka. Wengine wakasema ni unyenyekevu.

Tumwitike naye alijaribu. Alitoa nyuzi zake zote, za manjano na za kijani na nyekundu ambayo alikuwa akiwawekea watu wa harusi, akazitandaza mezani, akamwomba binti yake ashone chochote kwenye koti lile, chochote. Subilaga akavuta kiti. Akatunga uzi kwenye sindano, akalainisha kitambaa kwa kiganja, kisha akainua macho na kuwauliza wangependa achore nini. Tumwitike alitoka nje, akasimama mvuani.

Miaka haikungoja. Subilaga alifaulu mitihani yake, akaenda chuo cha mkoa wa mbali, akapata kazi huko. Majirani wanasema hakuna mtoto anayewakumbuka wazazi kama yeye. Hupiga simu kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Huuliza ng'ombe wanaendeleaje, mvua inaendeleaje, miguu ya mama inaendeleaje. Ambakisye humuuliza kama ameota ndoto yoyote, naye hujibu hapana, Baba, analala vizuri. Mara moja alimshauri jambo la kipumbavu kwa makusudi, akamwambia aiache ile kazi nzuri arudi kulima, kwa tumaini kwamba atakataa. Mzee akaibana simu sikioni. Kisha sauti ikamuuliza aache lini. Ilimbidi amwambie kwamba alikuwa akitania, na binti akacheka pale pale, kwa adabu, kadiri inavyotosha.

Akija likizo humkaribisha baba yake kunawa, hupakua, hungoja mkubwa aanze, hula alichowekewa, hushukuru kwa chakula. Wazazi hao wawili hutazamana juu ya sahani zao, nao ni wazee sasa.

Mtoto aliyepotea mbali hutafutwa njiani, na kila vumbi linaloinuka ni tumaini. Lakini yule uliyempoteza akiwa ameketi mezani pako, anakuitikia "ndiyo" kwa kila neno, utatoka kwa upande gani uende kumtafuta?